Barafu Katika Koo la Motakaa

Mwezi huu tumeazimu kuwaeleza habari za ugonjwa mmoja wa motakaa za kale, ugonjwa uliowagharimu wenye magari fedha nyingi na wakati mwingi, kwa sababu hauachi nyayo. Fundi akiitwa, hauoni. Gari likifikishwa kwake, limekwisha kupona lenyewe. Basi mwenye gari huambiwa leo anunue plagi mpya, kesho pampu mpya, kesho kutwa kabureta mpya. Na siku ya baridi ikirudi, ugonjwa nao hurudi vile vile.

Ugonjwa huo ni barafu. Si barafu ya barabarani, wala ya kiooni, bali ni barafu ifanyikayo ndani ya kabureta yenyewe, mahali petroli inapochanganyika na hewa.

Motakaa tunazozinena hasa ni zile ambazo injini zake hupozwa kwa upepo wala si kwa maji. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo, ambayo Wajerumani wenyewe waliiita Käfer, maana yake mbawakawa. Kazi ya kuiunda ilianza Ujerumani mwaka 1938. Ile yenye paa la bati ikakoma kuundwa huko mwaka 1978, ikaendelea katika nchi nyingine, na ya mwisho kabisa ikatoka kiwandani Mexico tarehe 30 Julai 2003. Jumla yake ilifika 21,529,464. Afrika ya Mashariki nayo yaijua sana, kwa maana mwaka 1962 motakaa ya namna hiyo ilishinda mashindano ya Safari. Hata leo ziko nyingi zilizotunzwa, Ulaya na Marekani na huku kwetu, na mara nyingi ni urithi: baba alimwachia mwana, mwana naye ataka kumwachia mjukuu.

Huenda mtu akasema, Gari kuzimika kidogo ni jambo gani? Twamjibu: yategemea mahali lilipozimika. Likizimika uani, ni usumbufu tu. Lakini likizimika katikati ya njia panda, alfajiri yenye ukungu, watoto wameketi nyuma, na lori lashuka mlima, hapo si usumbufu tena. Kwa hiyo yafaa tuujue ugonjwa huu, asili yake na kinga yake.

DALILI ZAKE

Gari huwaka vema asubuhi, likatoka uani bila shida. Baada ya mwendo wa dakika tano au kumi, aghalabu likienda mwendo mmoja bila kukanyagwa sana, nguvu huanza kupungua kidogo kidogo, kana kwamba mtu amelishika kwa nyuma. Dereva hukanyaga zaidi, wala mwendo hauongezeki. Akifika njia panda na kuondoa mguu, injini hutetemeka ikazimika. Akijaribu kuiwasha, huwaka kwa taabu ikazimika tena. Kisha, akiketi akingoja kama dakika kumi, injini huwaka na kwenda kana kwamba haijapata kuugua.

Kupona huko kwa kungoja ndiko kunakoutambulisha ugonjwa. Injini iliyozimwa bado ina moto mwingi. Feni imesimama, na joto hupanda polepole hata kufika katika kabureta. Barafu huyeyuka, maji yake machache huvutwa ndani ya injini yakapotea, na ushahidi wote umekwisha.

Tena tuupambanue na magonjwa mengine. Plagi mbovu haiponi kwa kungoja. Taka katika petroli husumbua siku kavu na siku ya unyevu sawasawa. Choki iliyokwama aghalabu huleta moshi mweusi na harufu kali ya petroli. Petroli kugeuka mvuke ndani ya bomba lake kabla ya kufika katika kabureta ni ugonjwa wa siku za joto kali, wala si wa asubuhi ya baridi. Lakini gari linalougua siku za ukungu na manyunyu tu, likapona kwa kungoja, hilo lashukiwa kuwa na barafu. Wakati lile linapozimika, fungua mara moja kifuniko cha injini utazame bomba lililo chini ya kabureta. Ukiliona limelowa umande, au limekuwa jeupe kwa sakitu, umekwisha kumpata shahidi. Sakitu ile ya nje haina madhara yenyewe. Lakini yaonyesha jinsi bomba lilivyo baridi, na yaliyo nje ni kivuli cha yaliyo ndani.

BARAFU HII HUTOKA WAPI?

Huenda msomaji akashangaa: barafu yawezaje kufanyika katika injini, mahali palipo na moto? Jambo hili si gumu kulifahamu, maana mfano wake umo nyumbani mwetu.

Mama zetu wajua ya kuwa maji katika mtungi wa udongo hupoa kuliko maji yaliyo katika debe. Sababu yake ni hii: maji kidogo hupenya udongo yakatokea nje kama jasho, nayo hugeuka kuwa mvuke; na maji hayawezi kugeuka mvuke pasipo kuchukua joto mahali. Hulichukua kwa mtungi, na maji yaliyobaki ndani hupoa. Petroli nayo ina tabia hiyo, tena hukauka upesi kuliko maji. Aliyepata kumwagikiwa petroli mkononi ameionja baridi yake.

Sasa itazameni kabureta. Ndani yake hewa hupita kwa kasi katika koo jembamba lisilofika milimeta 30, na petroli humiminika humo kwa matone madogo sana. Matone yale hugeuka mvuke papo hapo, yakaipokonya hewa joto lake, na chuma kilicho karibu nacho kikapokonywa. Juu ya hayo, chini ya koo kipo kilango cha bati cha kuzuia na kuachia mchanganyiko, kinachofunguka mguu ukanyagapo. Kilango kikiwa kimefunguka kidogo tu, hewa hupenya ukingoni mwake kwa nguvu, ikatanuka upande wa pili, na hewa inayotanuka ghafula hupoa. Baridi hizi mbili zikijumlika, huweza kuishusha hewa kwa digrii 20 au zaidi. Hewa iliyoingia ikiwa na digrii 10, huweza kufika digrii 10 chini ya sifuri, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Hewa ile haikuingia peke yake. Imechukua mvuke wa maji. Tufanye hesabu. Hewa ya digrii 10 iliyoshiba unyevu huchukua karibu gramu 9 za maji katika kila meta moja ya ujazo. Injini ndogo ikienda mwendo wa kadiri, tuseme yavuta nusu meta ya ujazo kwa dakika. Basi katika dakika kumi, gramu 45 za maji zimepita katika koo lile, yaani kadiri ya vijiko vitatu vya chakula. Si yote yanayoganda, mengi hupita. Lakini sehemu ndogo tu ikishika ukingoni mwa kilango, yatosha kuizuia hewa na kuyaziba matundu membamba yanayopitisha petroli injini inapozunguka polepole. Ndiyo sababu gari huzimika hasa dereva anapoondoa mguu.

Tena lipo jambo baya zaidi. Barafu huweza kukishika kilango kisirudi, na motakaa ikaendelea kuvuta ingawa mguu umeondolewa. Jambo hilo si la kila siku, lakini heri kulijua kabla halijakupata.

SI BARIDI KALI, NI UNYEVU

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Hudhani ya kuwa ugonjwa huu ni wa nchi za theluji tu, na kwamba baridi ikizidi ndivyo barafu ya kabureta izidivyo. Sivyo. Tazameni kiasi cha maji ambacho hewa iliyoshiba huweza kuchukua katika meta moja ya ujazo: kwa digrii 20 ni gramu 17, kwa digrii 10 ni gramu 9, kwa sifuri ni gramu 5, na kwa digrii 20 chini ya sifuri ni gramu moja tu. Hewa ya baridi kali ni kavu. Haina maji ya kutosha kuliziba koo. Hatari kubwa imo katika baridi ya wastani yenye ukungu, manyunyu au umande mzito.

Wanaanga wameyajua haya zamani, kwa kuwa ndege nyingi ndogo nazo zina injini za kupozwa kwa upepo na kabureta. Mafundisho ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani yasema kwamba barafu yatazamiwa zaidi joto likiwa chini ya digrii 21 na unyevu wa hewa ukipita asilimia 80. Tena kwamba yaweza kufanyika hata hewa ikiwa na digrii 38, na unyevu asilimia 50. Ndege hizo zina mkono maalumu ambao mwanaanga huuvuta ili kuingiza hewa ya moto katika kabureta. Injini ya ndege si sawa na ya motakaa kwa kila jambo, lakini hewa ni ile ile, maji ni yale yale, na petroli hupoza huku na huku.

Kwa hiyo Uingereza na Ujerumani wenye magari haya husumbuliwa sana katika majira ya majani kupukutika na mwanzo wa majira ya kuchipua, ukungu unapolala mabondeni, kuliko siku ngumu za theluji kavu. Na huku kwetu, asiseme mtu, Mimi sina theluji, habari hizi hazinihusu. Akumbuke Limuru, iliyo zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, na Njombe, na milima ya Mbeya, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Alfajiri ya huko ina digrii 10 au pungufu, na ukungu umeifunika njia hata taa hazionyeshi mbali. Hewa ya namna hiyo ndiyo chakula cha barafu ya kabureta.

KWA NINI HASA MOTAKAA ZA KUPOZWA KWA UPEPO?

Motakaa yenye rejeta ina maji ya moto yanayozunguka, na waundaji wake waliweza kuyapitisha karibu na bomba la mvuto, yaani bomba linalochukua mchanganyiko kutoka katika kabureta hata silinda. Volkswagen haina maji hayo. Tena umbo la injini yake lazidisha taabu: silinda mbili zimelala kulia na mbili kushoto, na kabureta moja imesimama katikati, mbali na zote. Mchanganyiko hauna budi kusafiri katika bomba refu jembamba lenye mikono miwili, huku feni ikivuta hewa ya baridi karibu yake.

Waundaji hawakuwa wajinga. Waliyaona haya wakaweka njia mbili za joto. Njia ya kwanza ni bomba la joto. Chini ya bomba la mvuto limeunganishwa bomba jingine jembamba, ncha zake zimefungwa kwenye sailensa, moja kulia na moja kushoto. Sehemu ya moshi wa injini hupita humo kutoka upande mmoja hata wa pili, ikalipasha joto bomba la mvuto pale pale chini ya kabureta. Njia ya pili ni hewa ya moto. Chujio la hewa lina shingo iliyounganishwa na mpira mnene, mmoja au miwili, unaoleta hewa iliyokwisha kupita penye silinda na kupata joto. Ndani ya shingo ile mna kibati kinachochagua hewa ya moto au ya baridi. Katika magari mengi ya zamani kibati hicho kina uzito mdogo wa kukirudisha: injini ikizunguka polepole huingiza hewa ya moto, na ikivuta kwa nguvu hufungua hewa ya nje. Katika miaka ya baadaye kikatiwa themostati.

Wengine nao walitafuta njia zao. Citroën 2CV ya Ufaransa, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1948 na kuundwa hata mwaka 1990, nayo hupozwa kwa upepo; waundaji wake waliunganisha bomba la mvuto na bomba la moshi yawe kitu kimoja, ili moshi ulipashe joto mchanganyiko. Shauri ni lile lile: joto ambalo lingetupwa nje lirudishwe mahali linapohitajiwa.

Basi kama njia zilikuwako tangu mwanzo, mbona magari yaugua? Kwa sababu wenye magari wameziondoa, au wameziacha zikafa. Mmoja hulitupa chujio la asili, kwa kuwa ni zito na lina mafuta, akaweka dogo linalong'aa lisilo na shingo wala mpira. Mwingine hununua sailensa mpya yenye sauti ya kupendeza, isiyo na mahali pa kufungia bomba la joto. Wa tatu asema kwamba hewa ya moto hupunguza nguvu za injini. Na hakukosa kabisa, kwa maana hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi. Lakini nguvu kidogo zilizopatikana siku ya jua hazina faida kwa mtu aliyekwama katika ukungu. Na wa nne hakufanya neno lolote: aliliacha bomba la joto likajaa masizi, hasa kwa kuwa gari lake huenda safari fupi fupi tu, lisipate moto sawasawa.

JINSI YA KUKAGUA NA KUTENGENEZA

Kazi hii haihitaji vyombo vya thamani. Yahitaji saburi na macho. Ifanyeni kabla ya majira ya baridi, mahali pa wazi penye upepo, wala msiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu, nayo huua.

Kwanza, tazama mpira wa hewa ya moto. Je, upo? Haukupasuka? Umefungwa ncha zote mbili? Mpira uliochomoka ni sawa na usiokuwapo. Kisha kisukume kibati cha shingoni kwa kidole; yapasa kiende na kurudi chepesi. Kikikwama upande wa baridi, kabureta hutetemeka asubuhi. Kikikwama upande wa moto, gari huchoka mchana. Kisafishe, ukitie tone la mafuta. Na kama chujio ni la mafuta, yajaze hata alama yake, wala usipite.

Pili, lijaribu bomba la joto. Washa injini iliyolala baridi, uiache kwa dakika chache. Usilishike bomba kwa kiganja, utaungua. Bali lidondoshee tone la maji, kwanza karibu na sailensa kila upande, kisha kuelekea katikati. Bomba zima maji yatachemka juu yake pande zote mbili na kuelekea kati. Likiwa la moto penye sailensa tu, na kati ni baridi, limeziba.

Tatu, ukikuta limeziba, lizibue. Hapana budi kulitoa bomba la mvuto pamoja nalo, na mara nyingi jenereta na nyumba ya feni zalegezwa kwanza. Asiyezoea na amwite fundi. Matundu ya injini yaliyobaki wazi yafunikwe kwa kitambaa safi, nacho kisisahauliwe wakati wa kurudisha. Kwa kuzibua, wengi hutumia kipande cha waya wa breki ya baiskeli, ncha yake imefumuliwa, kimefungwa katika mashine ya kutoboa na kuzungushwa polepole. Kwenda kidogo, kurudi kidogo, kupuliza masizi. Ndivyo kazi ilivyo. Macho na yakingwe kwa miwani, na pua kwa kitambaa. Bomba lililoganda kabisa ni heri kulibadili.

Nne, zitazame gasketi zilizo kati ya bomba la joto na sailensa. Mara nyingine gasketi mpya haina tundu, au sailensa mpya imezibwa mahali pale, na kazi yote huwa bure. Katika miaka mingine ya kuunda, tundu la upande mmoja limefanywa dogo kuliko la upande wa pili, makusudi, ili moshi usukumwe kupita. Usilipanue kwa kudhani ni kosa. Na yasivuje kabisa. Twasisitiza neno hili kwa ajili ya wote wanaopanda gari: katika Volkswagen, joto la kuwapasha abiria hutokana na hewa inayosukumwa na feni na kupita penye mabomba ya moshi. Moshi ukivuja karibu na injini, feni huweza kuuvuta na kuupeleka kwa watoto walioketi ndani. Sumu yake, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Anayeumwa kichwa kila akipanda gari na afungue madirisha, ashuke, wala asilipande tena mpaka limekaguliwa.

Tano, uliza kama themostati ya injini ipo. Ni chombo kidogo kilicho chini ya silinda za upande wa kulia, kilichofanywa kifanye kazi penye digrii 65 hata 70. Kazi yake ni kuyazuia mapito ya upepo injini ingali baridi, na kuyafungua ikipata moto. Watu wengi wa nchi za joto waliitoa wakaitupa. Pasipo hiyo injini hukawia kupata moto, na hewa inayopita katika mpira ule hukawia vile vile.

Mwenye kabureta mbili, moja karibu na kila upande wa silinda, ajue ya kuwa kwa kawaida hana bomba la joto. Mabomba yake ni mafupi, nayo hupata joto kutoka katika silinda. Lakini dakika za kwanza za safari hana kinga, na hewa ya moto katika chujio ingemfaa.

PETROLI NA DAWA ZAKE

Katika nchi za baridi petroli ya majira ya baridi hutengenezwa ikauke upesi zaidi, ili injini ziwake kwa urahisi. Faida hiyo ina gharama yake, kwa maana petroli inayokauka upesi hupoza upesi. Tena siku hizi nchi nyingi huchanganya petroli na spiriti ya ethanoli. Uingereza ilianza kuuza petroli yenye ethanoli hata asilimia 10 kuwa ya kawaida tangu mwaka 2021. Ethanoli ikigeuka mvuke huchukua joto zaidi ya mara mbili ya petroli ya uzito ule ule. Tena huharibu mipira ya kale ya petroli, basi mipira hiyo ibadilishwe kwa ile iliyofanywa kuistahimili.

Ziko dawa za kutia ndani ya tangi, nyingi zake zikiwa na spiriti ya namna ya isopropili, ambazo huzuia maji yasigande. Zaweza kusaidia kwa siku chache za safari, zikitiwa kwa kadiri iliyoandikwa chomboni. Lakini dawa haichukui nafasi ya joto. Mwenye kununua chupa kila mwezi huku bomba lake limejaa masizi afanana na mtu anayekinga matone kwa sufuria kila usiku, asiezeke paa.

BARAFU IKIKUSHIKA NJIANI

Ukiona nguvu zapungua katika ukungu, usingoje hata gari lizimike mahali pabaya. Tafuta mahali palipo wazi kando ya njia, utoke barabarani ungali na mwendo. Injini ikizimika, usiendelee kuihangaisha kwa kuiwasha mara kwa mara. Utaimaliza betri na kuzilowesha plagi. Ngoja dakika kumi, kifuniko cha injini kimefungwa ili joto lisitoroke. Kisha washa, uende zako.

Usiimwagie kabureta maji ya moto, kwa kuwa chuma hupasuka na maji huingia ndani. Wala usilete kibatari au mwenge karibu na petroli, hata kama baridi ni kali kiasi gani.

Na kilango kikikwama, gari likakataa kupunguza mwendo, usiogope. Kanyaga klachi, tumia breki, ulielekeze kando ya njia. Na likiisha kusimama, zima injini.

Asubuhi ya baridi, usiliache gari lisimame likinguruma kwa muda mrefu kwa kudhani lapata moto. Likizunguka polepole hupata moto polepole, na kilango kilichofunguka kidogo ndicho barafu hukipenda. Washa, lipe muda mfupi litulie, kisha ondoka kwa upole.

Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari hii ufa wenyewe ni mdogo: mpira mmoja, kibati kimoja, na bomba lenye masizi. Wenye kuyaunda magari haya walikwisha kututengenezea kinga, wakaifunga ndani ya injini, nayo haidai petroli ya ziada wala fedha ya mwezi. Yadai tu iachwe mahali pake na kusafishwa. Basi kabla ukungu wa majira yajayo haujashuka milimani, kila mwenye motakaa ya namna hii na afungue kifuniko chake, amwite na kijana wake asimame karibu, wakague pamoja. Maana gari litakapokuwa la kijana yule, maarifa haya nayo yapasa yawe yake.